Kweli Iliyoacha Kipimo Nyumbani

Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu nilikuwa na desturi ya kuwapa wanachuo swali moja mwanzoni mwa kila mwaka: Mtu akisema jambo la kweli, na aliyelisikia akaelewa lisilo kweli, nani amekosa? Wengi walijibu upesi kwamba kosa ni la msikilizaji, kwa kuwa msemaji amekwisha kutimiza wajibu wake. Nami, nakiri, kwa miaka mingi niliwapa alama zote. Sasa nimestaafu, umri umepita sabini, na jibu lile limenirudia kutoka mahali nisipopatarajia. Halikutoka kitabuni wala katika mahubiri. Lilitoka katika furushi la vipande vya mbao.

Shule ya msingi iliyo jirani na nyumbani kwangu haikuwa na zana za kufundishia sehemu. Zamani tungezitengeneza wenyewe kwa msumeno wa mkono na karatasi za manila, lakini mikono yangu haina tena utulivu wa kazi hiyo. Mjukuu wangu, ambaye kazi yake ni kuchora kwa kompyuta, akaniambia, "Babu, niachie mimi. Nitachora seti moja, mashine ya leza itakata seti 20 kwa siku moja." Tukakaa pamoja tukapanga vipimo. Kizima tulikipa urefu wa milimita 240, maana namba hiyo hugawanyika vizuri: nusu ni 120, theluthi 80, robo 60, sudusi 40, thumuni 30. Mbao ilikuwa plaiwudi ya milimita 3. Tulichora na kisanduku cha kuhifadhia, chenye ndimi zinazoingia katika matundu bila msumari wala gundi.

Furushi lilipofika nilifungua kwa furaha ya mtoto. Nikapanga vipande mezani. Nusu mbili zilitoshana na kizima. Theluthi tatu vilevile. Robo mbili zililingana na nusu. Nikasema moyoni, hesabu imetimia. Kisha nikajaribu kuunga kisanduku, kikakataa. Ndimi hazikuingia katika matundu hata nilipozisukuma kwa nguvu. Ndipo nilipochukua rula. Kizima kilikuwa na milimita 180. Kizima chetu kilikuwa kimegeuka robo tatu ya nafsi yake, na kila kipande kimepungua kwa kiasi hicho hicho. Matundu ya milimita 3 yalikuwa yamekuwa milimita 2 na robo. Mbao peke yake ndiyo haikupungua, kwa sababu unene wake ulitoka kiwandani, haukutoka katika mchoro.

Hata hayo hayakuwa yote. Maandishi ya 1/6 na 1/8, ambayo yalipaswa kukwaruzwa juu juu tu, yalikuwa yamekatwa mpaka upande wa pili. Macho ya tarakimu 8 yalikuwa yamedondoka, yakaacha shimo moja lisilosomeka. Na mistari ya mwongozo, ambayo mjukuu wangu aliichora kwa ajili ya macho yake mwenyewe, nayo ilikatwa, ikapasua vipande kadhaa katikati.

Mjukuu akampigia simu fundi wa karakana. Fundi akasema, "Mimi nimekata nilicholetewa." Mjukuu akasema, "Na mimi nilichochora ni sahihi, fungua faili uone." Kila mmoja alikuwa tayari kuapa, na kila mmoja angeapa kweli. Nikajikuta hakimu kati ya wakweli wawili. Ndugu msomaji, kazi hiyo ni ngumu kuliko kuamua kati ya mkweli na mwongo.

Ilibidi nijifunze jambo lenyewe kabla ya kulihukumu. Mchoro wa aina hii, unaoitwa mchoro wa vekta, haujaundwa kwa nukta kama picha ya kamera. Ni orodha ya maelekezo: anzia hapa, nenda pale, pinda hivi. Mchoraji huyapanga maelekezo hayo katika matabaka, ambayo vijana huyaita leya. Tabaka moja ni la mistari ya kukata, jingine ni la maandishi ya kukwaruza, jingine ni la mwongozo usiokusudiwa kutoka nje ya kompyuta. Machoni pa mashine mistari yote ni mistari. Kinachoiambia huu ni wa kukata na ule ni wa kukwaruza ni tabaka lake au rangi yake, na kwa alama hiyo fundi huipa nguvu na mwendo wake. Tabaka huamua hata utangulizi. Kwa kawaida hukwaruzwa kwanza, kisha hukatwa matundu ya ndani, na ukingo wa nje hukatwa mwisho, kwani kipande kikishakatwa ukingo huweza kudondoka au kusogea, na lolote litakalofuata likaangukia pasipo pake.

Sasa mchoro unapotolewa katika programu moja ili uende katika nyingine, hapana budi uvae vazi la safari, yaani aina ya faili. Na kila vazi lina mifuko yake. Faili la aina ya DXF, lililoletwa na kampuni ya Autodesk mwaka 1982, hubeba majina ya matabaka. Lakini kwa miaka mingi lilibeba namba bila kutaja namba hizo ni za nini, na hata leo si kila programu huandika kipimo humo wala kukisoma. Likisema 240, nani ajuaye kama ni milimita au inchi? Inchi 240 ni zaidi ya mita sita. Faili la aina ya SVG halina tabaka kwa maana kamili. Lina makundi tu, na programu kama Inkscape huweka alama yake yenyewe juu ya kundi ili ilijue kuwa ni tabaka. Programu nyingine ikilifungua faili hilo huona kundi, na alama ile haina maana kwake.

Kuhusu ukubwa, tatizo ni la namna hii. Mara nyingi faili hilo hueleza urefu kwa vijisehemu vya inchi, bila kusema inchi moja ina vijisehemu vingapi. Wanaofuata desturi ya wachapaji huhesabu 72. Inkscape ilihesabu 90 mpaka toleo la 0.92 lilipotoka mwaka 2017, ndipo ikahamia 96 inayotumiwa na kurasa za intaneti. Mchoro ukiandikwa kwa 72 ukasomwa kwa 96, kila urefu huwa robo tatu. Hilo ndilo lililotupata. Hakuna namba hata moja iliyobadilika njiani. Namba zilifika zote, ila kipimo chake kilibaki nyumbani.

Nilipoelewa hivyo, jambo lililonisumbua zaidi halikuwa kosa lenyewe, bali jinsi nilivyokaribia kutoliona. Vipande vyangu vilikubaliana vyote. Nusu mbili zilifanya kizima. Laiti tusingechora kisanduku, ningezipeleka shuleni nikapigiwa makofi. Tumezoea kudhani kwamba mambo yakilingana yenyewe kwa yenyewe basi ni ya kweli. La hasha. Kilichopungua chote kwa pamoja hakiwezi kujijua kuwa kimepungua. Kinahitaji kitu cha nje, kama unene wa ile mbao, kitakachokataa. Nimeona nyumba na ofisi ambazo kila mtu ndani yake anakubaliana na mwenzake, na heshima ya binadamu humo imekuwa robo tatu, na hakuna anayeona, kwa sababu kila kitu kimepungua sawasawa. Mgeni anapoingia akashindwa kupenya, wanasema mgeni ndiye mnene.

Wala tusidhani haya ni makosa ya vijana na karakana za mitaani. Tarehe 23 Septemba 1999, chombo cha Marekani kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi, baada ya safari ya zaidi ya miezi tisa. Programu moja huku duniani ilitoa hesabu za msukumo kwa ratili, na waongozaji wakazitumia kana kwamba ni za nyutoni. Tofauti ya vipimo hivyo viwili inazidi mara nne. Walikuwa wataalamu, na hakuna aliyesema uongo. Kila namba ilikuwa sahihi nyumbani kwake.

Sisi wenyewe tunaishi katika vipimo viwili bila kustuka. Mbao tunanunua kwa inchi, mbili kwa nne, na karatasi tunaipima kwa milimita. Fundi cherehani anakupima kiuno kwa inchi, na barabara tunaihesabu kwa kilomita. Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na mnunuzi mwerevu hakutosheka kusikia idadi, alitaka kukiona chombo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Katika miaka ya 1990, nikiwa mkuu wa chuo, niliwahi kujaza fomu ya mwalimu mmoja aliyekuwa mwanachuo wetu wa Daraja la IIIA, na ambaye sasa alikuwa anaomba nafasi ya stashahada kwingineko. Fomu iliuliza: Je, mwombaji amewahi kupewa onyo la nidhamu? Jibu Ndiyo au Hapana. Niliandika Ndiyo, nikatia sahihi na muhuri. Ilikuwa kweli. Alipokuwa chuoni aliondoka siku tatu bila kuandikisha katika daftari la ruhusa, kwa kuwa alipata habari usiku kwamba mama yake yu mahututi. Alifika nyumbani siku ya maziko. Aliporudi nilimpa onyo, maana sheria ya chuo ilikuwa sheria, kisha nikampa pole, nikamwambia kwamba jambo hilo limekwisha. Kwetu onyo lilikuwa hatua ya kwanza kabisa, hata aliyechelewa kuzima taa aliweza kulipata. Kule fomu ilikokwenda, onyo lilikuwa hatua ya mwisho kabla ya kufukuzwa. Alinyimwa nafasi.

Wakati wa likizo alikuja ofisini kwangu. Alinisalimu kwa adabu zake zote, akakaa, kisha akauliza, "Mkuu, uliandika uongo?" Nikamjibu kwamba sikuandika uongo. Akanyamaza kidogo. "Basi, Mkuu, kweli ile ilikuwa kubwa kiasi gani?" Nikamweleza kwamba fomu haikuwa na nafasi ya maelezo, nami nilijibu nilichoulizwa. Akashukuru, akaaga. Nililala vizuri usiku ule. Nilijiona sina deni.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na kipande cha thumuni mkononi, chenye tundu pale palipopaswa kuwa na maandishi, ndipo nilipoliona deni. Nilikuwa nimefanya makosa yote mawili kwa neno moja. Nilipeleka namba bila kipimo, kwa maana onyo letu na onyo lao havikuwa na ukubwa mmoja. Na nililifuta tabaka: jambo lililopaswa kukwaruzwa juu juu katika habari za mwalimu yule nililipeleka likiwa na rangi ile ile ya mambo ya kukata, nalo likakata mpaka chini. Nami nilisema kama fundi, nimekata nilicholetewa, na kama mjukuu, nilichochora ni sahihi.

Yuko atakayesema kwamba msikilizaji naye ana wajibu. Ni kweli, kuuliza si ujinga. Programu ya karakana huonyesha ukubwa wa kazi kabla ya leza kuwashwa; fundi angesoma 180 akapiga simu. Wale waliopokea fomu yangu nao wangeweza kuandika barua kuuliza onyo lile lilikuwa la nini. Sikatai. Lakini tazama tofauti iliyopo kati ya pande mbili. Anayepokea hawezi kuuliza kuhusu kitu asichojua kwamba kimekosekana; kwake kazi imefika nzima, nusu mbili zinafanya kizima. Anayetuma ndiye pekee anayejua kilichobaki nyumbani. Kwa hiyo nathubutu kusema kwamba mzigo ulio mkubwa zaidi ni wake. Na mzigo huo huzidi kadiri kitendo kitakachofuata kisivyoweza kurudishwa. Mazungumzo ya barazani yakienda mrama, kesho tutayanyoosha. Leza ikishapita, na barua ya kukataliwa ikishatumwa, maji yamemwagika na hayazoleki.

Mwingine atasema: basi, tupeleke kila kitu, tusibakize lolote. Hapana. Mistari ya mwongozo ilikatwa kwa sababu ilipelekwa. Mle ndani ya mchoro iliwekwa kwa faida ya mchoraji, na mahali pake ni pale pale. Kuhifadhi matabaka si kumwaga yote mbele ya mwenzako, bali ni kumwonyesha lipi ni lipi, na kubakisha lisilomhusu. Ningeongeza katika fomu ile soga zote za ofisi ya walimu, ningemdhulumu yule mwanamke kwa njia nyingine. Mistari miwili ingetosha: kosa lilikuwa nini, na kwetu lilikuwa na uzito gani.

Lakini namna gani mtu atume kipimo katika vazi lisilo na mfuko wa kipimo? Hapa nilisaidiwa na somo la jiografia nililolifundisha bila kulisikiliza. Ramani ina njia zaidi ya moja za kueleza skeli yake. Unaweza kuandika pembeni 1:50,000. Unaweza pia kuchora mstari mfupi uliogawanywa, ukaandika kwamba urefu huu ni kilomita moja. Ramani ikipunguzwa katika mashine ya kunakili, ile namba ya pembeni hugeuka kuwa uongo papo hapo, ingawa haikubadilika hata herufi. Mstari ule hupungua pamoja na ramani, kwa hiyo hubaki mkweli. Kipimo kilichoandikwa pembeni hakifahamu kilichoupata mchoro. Kile kilicho ndani huumia pamoja nao.

Tukafanya hivyo. Mjukuu aliurudia mchoro. Aliyapa matabaka majina ya maneno mepesi, KWARUZA, KATA NDANI, KATA NJE, akayapa rangi tatu zilizo wazi, akaondoa mwongozo kabla ya kutoa faili. Pembeni akachora mraba wa milimita 100 kwa 100, na ndani yake akaandika kwamba upande wake ni milimita 100, ukiwa vinginevyo usikate. Kisha akalifungua yeye mwenyewe faili alilolitoa, katika programu nyingine, ili alione kama mgeni atakavyoliona. Safari hii fundi alipima ule mraba, akapata 75, akapiga simu, wakarekebisha ukubwa kabla hata ubao mmoja haujaguswa. Kosa lilirudi lile lile, msomaji wangu. Lililobadilika ni kwamba sasa lilikuwa na shahidi ndani yake.

Kisanduku kiliunganika kwa mkono mtupu. Vipande viko shuleni, na juzi nilimwona mtoto akilinganisha thumuni mbili na robo moja huku akiwa ametoa ulimi nje kwa bidii.

Yule mwalimu nilimtafuta. Naye amestaafu. Nilimwomba radhi kwa simu, nikamweleza yale ambayo ningepaswa kuyaandika katika fomu. Alicheka, akasema, "Mkuu, mambo ya zamani hayo, mimi nilishasahau." Sikumwamini, maana katika kunituliza alitaja tarehe ya barua ile, siku, mwezi na mwaka.

Bado watu huniletea barua za kuwaombea kazi watoto wao, na bado nasema kweli. Ila kila ninapoandika kwamba fulani alikuwa mvivu mwaka wa kwanza, au kwamba fulani alikuwa wa tatu darasani, hutia pembeni mraba wangu mdogo: mvivu wa namna gani, wa tatu kati ya wangapi. Na lile swali langu la mwanzo wa mwaka, kama ningelisahihisha leo, nisingempa alama zote yeyote aliyejibu upesi. Ningemwita ofisini, nimuulize kama alipokwisha kusema ile kweli yake alikwenda kuitazama ilivyofika.